Mapipa matatu, mkokoteni mmoja

Nyuma ya hosteli moja ya wasichana, katika chuo kikuu cha huku kwetu magharibi mwa Kenya ambako nilifundisha kwa miaka kadhaa, palikuwa na mapipa matatu ya taka: la kijani la mabaki ya chakula, la samawati la chupa na karatasi, na jekundu la taka nyinginezo. Siku yalipozinduliwa tulikusanyika pale, wanachama wa klabu ya mazingira wakiwa na fulana mpya, na mgeni wa heshima akatia ganda la ndizi katika pipa la kijani. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa moyo wangu wote, maana nilikuwa miongoni mwa waliosumbua ofisi muhula mzima ili mapipa yale yanunuliwe.

Wiki ya tatu nilipita pale asubuhi na mapema, umande haujakauka. Mama anayefagia upande ule alikuwa na mkokoteni wake wa magurudumu mawili. Aliinua pipa la kijani, akalimwaga. Likafuata la samawati, karatasi na chupa zikaangukia juu ya maganda na ugali uliolala. Kisha jekundu. Mlangoni alikuwa amesimama msichana aliyejifunga leso, mkononi ana mfuko wa chupa tupu alizokwisha kuzisuuza. Alimtazama mama yule, akautazama mfuko wake, akaenda hadi pipa la karibu na kuutumbukiza mzima mzima. Hakusema lolote. Akarudi ndani.

"Habari ya asubuhi, mama. Mbona unazichanganya, na watoto wamejitahidi kuzitenga?"

"Nzuri, mwalimu. Sasa nizitie wapi? Mkokoteni ni huu mmoja. Na hata nikizitenga mimi, trekta ya Ijumaa inabeba zote pamoja."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumenunua mapipa matatu bila hata mmoja wetu kuuliza taka huondokaje pale, na yule ambaye angetuambia kwa sentensi moja hakuwa amealikwa kwenye kikao chochote.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia kwamba wanafunzi wetu hawajali mazingira, namkumbuka msichana yule. Alijali. Alisuuza chupa kwa maji aliyoyapandisha ghorofani kwa mtungi. Alichokikosa ni mtu wa kushika upande wa pili. Ukibeba meza na mwenzako, naye akaachilia upande wake katikati ya njia, huna budi kuitua. Na akikuita tena kesho utasita. Vyuo vyetu vimekuwa hodari wa kuwaita wanafunzi waje kubeba, kisha vinaachilia. Baadaye tunaandika ripoti kwamba vijana hawana mwamko.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya maji yanakoelekea. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na Mto Njoro ukishuka kutoka msitu wa Mau hupita upande huo kabla ya kuingia Ziwa Nakuru, ambalo mwaka 1990 lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa. Kakamega, Mto Isiukhu hujiunga na Nzoia, na Nzoia humwaga Ziwa Victoria. Mvuvi wa Dunga pale Kisumu anayeshindwa kutoa mashua kwa sababu ya gugumaji anahangaishwa na mmea unaonenepa kwa mbolea na maji machafu yanayoshuka kutoka bara. Anayemwaga kitu mlimani hamjui anayekipokea ziwani.

Turudi kwenye mapipa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za binafsi, zitenge taka zinazooza na zisizooza, na zitumie vyombo vyenye rangi na maandishi ya kuvitambulisha. Vyuo vimelishika sana neno vyombo. Chombo kinanunulika, kinahesabika, kinaingia katika ripoti. Kazi ya baada ya chombo haina uzinduzi: nani anakuja kuchukua, anakuja na nini, anapeleka wapi. Sheria hiyo imezipa pia kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambua taka, lakini chuo chenye maelfu ya watu hakina haja ya kungoja kituo hicho ndipo kianze. Taka zake nyingi ni za jikoni na za vibandani: maganda ya ndizi na viazi, sukuma wiki iliyonyauka, masazo ya ugali na maharagwe. Nje ya ua wa karibu kila chuo cha huku kuna mkulima anayefuga nguruwe na mwingine anayetafuta mboji. Kinachohitajika ni mkokoteni wa pili na makubaliano na watu hao.

Watafiti wa tabia za watu wamelieleza kwa njia yao jambo alilolifanya yule msichana. Mwaka 1990 Robert Cialdini na wenzake huko Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliyepewa karatasi asiyoihitaji huitupa chini zaidi akiwa mahali palipokwisha chafuka kuliko palipo safi. Mwaka 2008 Cialdini alikuwa tena miongoni mwa watafiti waliojaribu kadi za hotelini zinazowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja. Kadi iliyoomba kwa ajili ya mazingira iliwagusa wageni wapatao asilimia 35. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hutumia taulo zao tena iliwagusa asilimia 44 hivi. Mtu husoma maandishi, lakini husoma kwa makini zaidi yale wenzake wanayoyafanya. Na pale nyuma ya hosteli, chuo chenyewe ndicho kilichokuwa kikimwonyesha msichana kwamba taka huchanganywa.

Kuna suala la maji pia, na hapo ndipo lawama humwagika kuliko maji yenyewe. Katika hosteli nyingi utakuta karatasi juu ya sinki: FUNGA MFEREJI. Na bado, usiku wa manane, maji yanateremka ngazi. Nilishuhudia mara moja, nikiwa nimeitwa na msimamizi wa hosteli: sakafu ya ghorofa ya pili imejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, ndara zinaelea, na mifereji mitano katika chumba cha kufulia imefunguliwa hadi mwisho. Msimamizi alikasirika, nami nilikasirika. Kisha kijana mmoja aliyekuwa akisukuma maji kwa ufagio akanieleza kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, maji yalikatika tangu juzi. Nikiufunga mfereji, nitajuaje kama yamerudi?"

Ndivyo wanavyofanya. Wanauacha wazi mfereji na kuweka beseni chini yake, ili mlio wa maji uwaamshe, wakinge mitungi kabla hayajapotea tena. Usingizi ukiwa mzito, beseni hufurika na wote hulala. Kijana yule hakuwa mharibifu wa maji. Alikuwa ameyathamini kiasi cha kuyatega usiku kama mtegaji wa ndege. Mtu aliyekuwa na dawa ya shida yake ni mhudumu wa pampu, ambaye kila siku anajua saa atakayofungulia maji ya upande ule, na hakuna aliyewahi kumwambia awajulishe wanafunzi. Ujumbe mmoja jioni katika kikundi cha WhatsApp cha viongozi wa hosteli, kwamba maji ya ghorofa ya pili yatafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, ungeokoa maji kuliko mabango yote ya FUNGA MFEREJI. Lakini ujumbe huo lazima uwe wa kweli. Saa kumi na moja ipite mara mbili bila maji, na mifereji itarudi kuachwa wazi.

Nimetaja hayo kwa urefu kwa sababu yananifundisha kwamba kitendo tunachokiita tabia mbaya mara nyingi ni hesabu nzuri aliyoipiga mtu kutokana na mambo tuliyomwekea.

Mfano mwingine uko wazi mbele ya macho yetu. Mwanafunzi yuleyule anayeacha taa ikiwaka mchana kutwa katika hosteli ya chuo, na kuchemsha maharagwe kwa koili ya umeme aliyoificha chini ya kitanda, ukimfuata mwaka wa pili anapopanga bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, kule Lurambi, Njokerio au Nyawita karibu na vyuo, utamkuta amebadilika. Anazima taa akitoka. Anachomoa chaja. Maharagwe anayachemsha mengi kwa siku moja, anayagawa kwa wiki. Hakuna aliyemhubiria. Kwenye ukuta wa chumba kuna mita ya tokeni, umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, na namba zake zinapungua akiziona. Moyo wake ni uleule wa mwaka wa kwanza, ila sasa kitendo chake kina mwisho unaoonekana.

Sisemi chuo kiwatoze wanafunzi wa hosteli umeme kwa tokeni. Wengi wao tayari wanakula mara moja kwa siku, na nitapinga jambo hilo hadharani likiletwa. Lakini chuo kinaweza kuweka mita moja kwa kila jengo, kikabandika matumizi ya kila wiki mlangoni, na kikawaahidi wakazi kwamba sehemu ya fedha zitakazookolewa itarudi kwao: jiko la pamoja la gesi, kwa mfano, ili koili ikose kazi. Koili haiondolewi kwa msako wa usiku. Inaondolewa kwa kumpa mtu mahali pa kupikia.

Nchi nzima imewahi kulipitia somo hili. Tulijaribu kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2007, tukajaribu tena mwaka 2011, kila mara kwa kukataza mifuko myembamba, na mara zote mbili tukashindwa. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku kamili ikaanza, na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Katika miezi michache Mkenya aliyekuwa akirudi nyumbani na mifuko mitano kwa siku akawa anatoka na kikapu chake. Watu waliogopa faini, ni kweli, lakini kilichowabadilisha kila siku ni kwamba mwenye duka hakuwa na mfuko wa kuwapa. Leo kijana wa miaka kumi na minane anayeingia chuo ameshazoea kubeba mfuko wake. Hata hivyo ni lazima tukiri kasoro: mifuko ya magendo bado huvushwa mpakani, na marufuku haikugusa chupa za maji na soda, ambazo ndizo zilizojaa mitaroni nje ya vyuo vyetu. Palipobadilishwa mpangilio, tabia ilibadilika. Pasipobadilishwa, hotuba za miaka yote hazijafika.

Miti nayo inanisikitisha kuliko vyote. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya kupanda miti, lengo likiwa miche milioni 100, sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nilipanda, kama wengi. Lakini huku kwetu mche uliopandwa Novemba unakutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado mchanga, na chuoni wanafunzi huwa wameenda likizo ya Krismasi. Katika chuo kingine nilichokitembelea mwezi wa pili, uwanja uliopandwa miche ulikuwa na vijiti vikavu vilivyopangwa kwa mistari mizuri, na kando yake, chungu ya viriba vyeusi vya plastiki vilivyovuliwa miche na kuachwa palepale. Mbuzi wawili walikuwa wakimalizia kilichobaki. Mstari wa karibu na kijito ulikuwa wa mikaratusi, miaka mingi baada ya John Michuki, akiwa waziri wa mazingira mwaka 2009, kuagiza mti huo ung'olewe kandokando ya maji. Hapo pangekaa vizuri lusiola, au siala kama wanavyouita Waluo, ambao kila mzee wa eneo lile anaujua na angetoa mbegu bure.

Wangari Maathai alilijua jambo hili mapema. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na akina mama waliootesha na kupanda miche walilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioishi. Pesa zilifuata uhai wa mche, hazikufuata shimo lililochimbwa. Laiti kila chuo kingelipa klabu yake ya mazingira kwa kipimo hicho: hesabuni iliyo hai baada ya miezi kumi na miwili, ndipo mje ofisini. Sherehe ya kupanda ingepungua ukubwa, na orodha ya zamu ya kumwagilia ingeandikwa kwa uangalifu.

Sasa kuna swali la wakati. Tumezoea kuanza kampeni wakati wowote mfadhili anapopatikana, pengine katikati ya muhula wa pili, watu wakiwa tayari wamejifunza njia zao. Bas Verplanken na Deborah Roy waliwafuatilia watu 800 nchini Uingereza, nusu yao wakiwa wamehamia makazi mapya karibuni, na matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba ushauri wa kuishi kwa kutunza mazingira uliwaingia zaidi waliohama, na kwamba mlango huo hubaki wazi kwa takriban miezi mitatu. Phillippa Lally na wenzake huko London walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, ingawa kwa wengine ilichukua siku 18 na kwa wengine 254. Weka hesabu hizo mbili pamoja na utaona umbo la muhula wa kwanza wa fresha, yaani mwanafunzi mpya. Amehama nyumbani. Hajui taka hutupwa wapi, maji huja lini, chakula hununuliwa wapi. Anajifunza yote kwa kutazama. Atakachokiona katika wiki zile za mwanzo ndicho atakachokifanya hadi siku ya mahafali, naye ndiye atakayetazamwa na fresha wa mwaka ujao.

Kwa hiyo chuo kinapompokea fresha na bango la uhifadhi langoni, huku nyuma ya hosteli taka zinachanganywa mbele ya macho yake, tayari kimemfundisha, na somo hilo atadumu nalo.

Bado kuna kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote, nalo ni kuwakabidhi wapita njia kazi ya kudumu. Mwanafunzi hukaa miaka minne. Mwenyekiti wa klabu ya mazingira hukaa mwaka mmoja, na akiondoka huondoka na nywila ya barua pepe, namba za wafadhili na ufunguo wa stoo. Naibu Chansela naye ana muhula wake. Lakini mama wa mkokoteni alikuwa pale kabla mimi sijaajiriwa, na alikuwepo nilipoondoka. Mpishi mkuu ameona vizazi vya wanafunzi. Mhudumu wa pampu, mtunza bustani, mlinzi wa lango la nyuma, mwenye kibanda cha chapati, mwenye nyumba za kupangisha: hao ndio chuo kisichohama. Tabia ikikaa kwao itawapokea fresha kila mwaka bila kuanzishwa upya. Na hao ndio hatuwaiti kwenye warsha. Wengi wao siku hizi wameajiriwa kwa mkataba mfupi kupitia kampuni za usafi, kwa ujira mdogo, bila glavu, bila buti. Unamtakaje mtu huyo atenge taka kwa mikono mitupu ili chuo chako kipande ngazi katika orodha za kimataifa za vyuo vya kijani? Kila bajeti ya mazingira ya chuo ingeanzia kwake: glavu, buti, mkokoteni wa pili, na fungu lake katika mauzo ya chupa. Wenye kununua chupa kwa kilo wapo Nakuru na Kisumu.

Mama yule alipata mkokoteni wa pili, mwishowe. Haikuwa kwa uamuzi wa kamati; walimu kadhaa tulichanga, na fundi wa Luanda, mji wa kaunti ya Vihiga, akautengeneza kwa chuma cha kitanda kikuukuu. Akaupaka kijani mwenyewe. Mabaki ya chakula yakawa yanaenda kwa jirani anayefuga nguruwe, ambaye alikuja kuyachukua kila jioni bila kukosa siku. Mapipa yalianza kutumiwa inavyopaswa tena, polepole, bila tangazo. Siku moja nilimwona mama akimrudisha kijana wa kiume aliyetupa chupa katika pipa la kijani: "Wewe, kijana wangu, hiyo si chakula ya nguruwe. Toa." Kijana alicheka, akaitoa.

Binti wa dada yangu anaingia chuo mwezi wa tisa, hapa hapa magharibi. Ameshanunua beseni, mtungi wa lita ishirini, na sufuria mbili, na mama yake amenipa kazi ya kumsindikiza. Tutafika langoni, tutapewa karatasi za kujaza, bila shaka na kijitabu cha sera ya mazingira. Yeye akiwa kwenye foleni ya chumba, nitazunguka nyuma ya hosteli kutazama mikokoteni ni mingapi.